Miaka ya Mdogo Wake

Kipa ninayetaka kumweleza ana majina mawili, nami sitalitaja hata moja. La kwanza alipewa na baba yake siku ya saba. La pili ni la mdogo wake, aliyefariki angali mtoto. Nikilitaja la kwanza nitamharibia kazi, na nikilitaja la pili nitakuwa nimerudia uongo niliowahi kuusema. Hapa Chumbageni, Tanga, watu wote humwita Kipa, wauza machungwa na watoto wa shule pia, nami nitamwita hivyo hivyo. Kuzaliwa kwake nitakuruka kwanza, maana katika habari hii hapo ndipo penye kidonda.

Nimemfahamu tangu hajajua alifu. Chuo changu cha Kurani kimepakana na kiwanja cha vumbi, na ukuta wetu wa nyuma ulikuwa lango lake la kwanza. Wenzake walikuwa wakiupiga mpira ukutani naye akisimama kati yao na ukuta, akiudaka. Siku moja nilitoka na kikoto changu, nikamuuliza kwa nini yeye hapigi kama wenziwe.

"Wao wanapiga, Maalim," akanijibu. "Sasa nani ataupokea?"

Nilirudi ndani bila kumchapa. Nilikuwa na wanafunzi wengi wenye vichwa vyepesi kuliko chake, lakini sikuwa na mwingine aliyeweza kukaa kimya robo saa akingoja zamu yake ya kusoma. Kungoja alikujua tangu mdogo. Baadaye niliona kwamba ndiyo kazi yenyewe ya kipa: dakika nyingi za kusubiri, kisha jambo moja linakuja haraka, na usipokuwa tayari watu elfu wanakuona.

Mikono yake ukiishika katika salamu unahisi umeshika mizizi. Vidole vimevunjika na kuungwa mara nyingi, na kile cha shahada cha mkono wa kulia kimevunjika mara tatu. Anapokaa kwenye tahiyatu akakiinua, kidole kinaelekea kwa jirani yake badala ya kibla. Vijana wa msikitini walikuwa wakimcheka. Yeye husema, "Mungu anajua nilikokusudia." Nimelifikiri neno hilo kuliko alivyodhani.

Glovu zake hazifui mtu mwingine. Mkewe ni mwanamke mwema, anamfulia kila kitu, lakini glovu huzifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, huzikamua taratibu, kisha huzianika barazani kivulini, hajapata kuzianika juani. Ukipita nyumbani kwake asubuhi baada ya mechi utaiona mikono miwili inaning'inia kwenye kamba, na kutokana na namna alivyoibana unaweza kujua kama jana walishinda. Wakishinda, vidole hutazama juu.

Alikuwa mcheshi siku zile ambazo wengine wangejificha. Kuna mechi moja mpira ulimpita katikati ya miguu, wakafungwa nyumbani. Kesho yake tulikutana sokoni, na mama mmoja muuza samaki akamsubiri mpaka akafika karibu kabisa.

"Kipa, hebu nikuulize mwanangu. Pale kati ya miguu umefungua njia ya magari?"

"Alikuwa mgeni, mama," akasema. "Nasi watu wa Tanga mgeni hatumfungii mlango."

Mama yule alicheka mpaka akamwongezea dagaa. Lakini nilimtazama Kipa alipogeuka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyechekesha.

Tena kuna msimu walisema ameuza mechi. Walirusha mawe juu ya bati la mama yake. Ijumaa ile aliingia msikitini, na katika safu watu wakaacha nafasi kulia kwake na kushoto kwake. Niliacha mahali pangu pa mbele, nikaenda kusimama begani mwake. Hakuuza mechi yoyote, najua hivyo, maana mtu huyu hawezi kusema uongo akakutazama usoni. Kama angeweza, maisha yake yangekuwa mepesi.

Timu nyingi zina wazee wanaoitwa kamati ya ufundi. Hawafundishi mpira, wanashughulika na mambo ya waganga, na siku ya mechi huleta chupa yenye maji yao wanayotaka yamwagwe langoni. Kipa aliwakatalia tangu ujana. "Kamwageni kwenye lango la wale wenzetu," alikuwa akiwaambia, "wao ndio watakaofungwa leo." Nilifurahi sana niliposikia hivyo, nikadhani ni matunda ya chuo changu. Halafu nikagundua kwamba hakati kucha wiki ya mechi, na kwamba kabla ya kuingia uwanjani lazima ampigie mama yake simu aitwe mara moja kwa jina lake. Mama hakutakiwa kusema lingine. Alilitaja jina, akakata. La kucha nilimkemea. La simu sikuthubutu, kwa sababu nilijua ni jina lipi, na kwa nini alitaka kulisikia.

Sasa nisimulie.

Alipokuwa kijana, klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikitafuta makipa wa timu yake ya vijana. Walikuja, wakamwona, wakampenda. Lakini walitaka waliozaliwa baada ya mwaka fulani, na yeye alikuwa amezaliwa kabla ya hapo. Katibu wa timu yake ya hapa alikuwa mpole, mwenye kanzu safi na sauti ya chini. Alikuja kwangu baada ya sala ya Alasiri akiwa na bahasha.

"Maalim," alisema, "kila mchezaji ana umri wa nyumbani na umri wa mpira. Usiuone kama uongo. Ni utaratibu tu, wote wanafanya."

"Na umri wa mpira unatoka wapi?"

"Mama yake ana kadi ya kliniki ya yule mdogo wake."

Yule mdogo wake. Kwao walikuwa wawili, wamepishana miaka minne. Mdogo alipata homa, akafa hajatimiza miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemwosha, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea, mwepesi kama mto wa kulalia. Tulimsalia, tukamzika, tukasoma khitma, tukala wali, tukarudi kila mtu nyumbani kwake. Hakuna aliyekwenda ofisini kuandikisha kifo. Nani katika mtaa wetu alifanya hivyo kwa mtoto mdogo? Tuliona tumekwisha kumkabidhi anayehusika. Kumbe kwenye makaratasi ya serikali mtoto yule aliendelea kuishi, akikua mwaka hadi mwaka, akingoja mtu wa kumtumia.

Katibu alihitaji mzee wa kutia sahihi kwamba amemjua mwenye jina hilo tangu kuzaliwa. Nilisoma maneno yale mara mbili. Nikajiambia: ni kweli, huyu mtoto nilimjua tangu kuzaliwa. Hivyo ndivyo nilivyoudanganya moyo wangu, kwa ukweli mdogo niliouweka mbele ya uongo mkubwa. Nilimfikiria mama aliyekuwa akikaanga maandazi alfajiri zote za maisha yake, nikamfikiria kijana na mikono yake, nikatia sahihi. Mimi niliyehutubia juu ya ushahidi wa uongo sijui mara ngapi. Mwenyezi Mungu amenipa umri mrefu baada ya siku ile, na ninamshukuru, ingawa nimeelewa kwamba umri mwingine mtu hupewa ili apate muda wa kuangalia alichokifanya.

Kipa alikwenda Dar es Salaam. Alipanda haraka, akaanza kudakia timu kubwa, na redio zikaanza kumtangaza. Jioni moja nilipita kwa mama yake, nikamkuta amekaa mkekani na redio, sahani ya mchele aliokuwa akichagua imetulia mapajani. Mtangazaji alikuwa akipiga kelele kwamba kipa ameokoa, akilitaja jina lile mara tatu mfululizo.

"Unasikia, Maalim? Wanamwita mwanangu."

"Yupi?" nikamuuliza. Ulimi uliniponyoka.

"Hapo ndipo sijui," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Kijana alikuwa na tamaa ya kufika mbali, na sioni aibu kuiita tamaa, kwa kuwa ilikuwa safi. Alitaka kudaka ng'ambo. Aliwahi kuitwa na klabu ya nchi moja ya Kiarabu, akaja kuniaga, tukasoma dua, mtaa mzima ukamsindikiza. Alirudi baada ya siku tisa. Akasema tumbo lilimsumbua. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba daktari wa kule alitaka kupiga picha kifundo cha mkono. Mfupa wa pale, alimweleza, humwonyesha daktari umri wa mtu.

"Nilimwambia naomba niende msalani," Kipa alisema. "Nikachukua begi langu. Walinipenda, Maalim. Kocha wao alinishika bega akacheka. Nikakimbia mfupa wangu mwenyewe."

Tangu hapo hakwenda mbali tena. Alizunguka klabu za hapa nchini, moja baada ya nyingine. Kila alipofika lilitangulia jina la marehemu, likabandikwa mgongoni mwa jezi. Kitambulisho cha taifa kilipokuja, alama za vidole vyake vilivyopinda zikawekwa chini ya jina lile. Mlango mmoja ukafungwa hapo.

Mlango wa pili nilihusika nao mimi. Nilimwozesha. Katika kuozesha nilitaja jina lake la kweli, maana ndoa ni mbele ya Mungu na nilimwogopa. Kisha cheti cha ndoa kikajazwa kwa jina la kwenye makaratasi. Baba wa bibi harusi akanitazama juu ya miwani.

"Maalim, umemwozesha nani na nani?"

"Lile ni jina la nyumbani," nikasema. Watu wakacheka, sinia za pilau zikaingia.

Mlango wa tatu ulikuwa mzito kuliko yote. Binti yake wa kwanza alipofika umri wa kusoma, mama yake alimleta chuoni kwangu na cheti cha kuzaliwa. Mimi huandika wanafunzi wangu kwenye daftari, jina la mtoto na jina la baba. Nilifungua, nikashika kalamu. Dini yetu haina mchezo na nasaba, mtoto huitwa kwa baba yake. Na mimi, kwa mkono wangu, niliandika kwamba msichana huyu mbele yangu, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, baba yake ni mtoto niliyemlaza kaburini kabla hajajua kuvaa viatu. Wakaja wengine wawili. Wote nimewaandika hivyo.

Mimi mwenyewe nilijitafutia pa kujificha. Sikutaka kumwita kwa jina la uongo, wala sikuthubutu kumwita kwa la kweli mbele ya watu, nikaanza kumwita Kipa kama mtaa mzima. Nilijiona nimepata njia ya katikati. Basi akabaki mama yake peke yake wa kumwita, simuni kabla ya mechi na nyumbani akija likizo. Mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Nilipowatazama waombolezaji niliona kwamba mwanaume huyu ameondokewa na mama, na pia na mtu wa mwisho aliyekuwa akimwita.

Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Tanga, anadakia timu ya hapa. Cheti kinasema ana miaka thelathini na minne. Ana thelathini na minane. Kwa mkulima miaka minne si kitu, lakini kwa mtu anayeanguka chini mara sitini kila asubuhi ni mingi. Bega la kushoto halipandi bila sindano. Nimemwona akishuka ngazi za msikiti kwa upande, kama kaa. Amekwisha kuomba kupumzika mara mbili, na mara zote mbili viongozi wamemfungulia faili lake. "Bado kijana wewe, tazama tarehe yako. Makipa wa umri huu ndio wanaanza kukomaa." Mashabiki nao husema mvivu huyu, mbona fulani ana miaka arobaini anadaka. Hawezi kuwajibu. Jibu analo, ila limefungwa mdomoni.

"Nacheza miaka ya mdogo wangu, Maalim," aliniambia siku moja. "Yangu ilikwisha zamani."

Mwezi wa Shaaban uliopita alikuja kwangu. Nilisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, ukuta ule ule.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibu, Kipa."

Alikaa mkekani, akanyoosha goti kwa mikono miwili. Nilimmiminia kahawa, akaishika bila kunywa. Akasema klabu inataka atie sahihi miaka miwili mingine. Akasema daktari amemwambia goti hili likigongwa tena atatembelea gongo. Halafu akasema alilokuja kusema.

"Nataka kwenda kusema kweli. Ofisini. Kwamba yule mtoto alikufa, na mimi ni mimi."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Nilisimama, nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa daftari la zamani ambalo sijapata kumwonyesha mtu. Lina ukurasa wa mwaka alioanza chuo, na jina lake la kweli, na jina la baba yake, kwa wino wangu. Kurasa chache mbele lina orodha ya khitma, na hapo liko jina la mdogo wake, pamoja na siku tuliyomsomea. Ndiyo karatasi pekee duniani ambayo ndugu hao wawili wamo wote, mmoja hai na mmoja maiti, kila mmoja na lake. Nilikuwa nayo siku zote. Niliificha kwa sababu ilinishuhudia mimi kwanza.

Kipa aliweka kidole chake kilichopinda juu ya jina lake, akalifuata herufi kwa herufi, kama nilivyomfundisha.

"Nitakwenda nawe," nikamwambia. "Sahihi ile ni yangu. Waanze na mimi."

"Watakufunga, Maalim."

"Huenda. Nimekula wali wa nyumbani vya kutosha."

Alitabasamu kidogo. Kisha nikaona hesabu zikimpita usoni, na hazikuwa hesabu za fedha. Binti yake anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, kwa jina lile la baba. Wadogo zake wana vyeti vile vile. Timu imo hatarini kushuka daraja, na ikijulikana, pointi zote alizodaka zitanyang'anywa, na bati lililorushiwa mawe litarushiwa tena, safari hii watoto wakiwa chini yake. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta umejengwa nje.

"Tungoje msimu uishe," akasema hatimaye.

"Msimu uliopita pia ulisema hivyo moyoni mwako, ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na sahihi ya miaka miwili?"

"Niliitia jana, Maalim."

Alifunga daftari taratibu, akanirudishia. Mimi si mtu wa kumsukuma aliyesimama ukingoni nilikomfikisha mwenyewe. Nilimwambia daftari litakuwa mezani, si sandukuni tena, siku yoyote atakayokuja atalikuta, na mimi nikiwa nimekwisha kufa atalikuta vile vile. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba jambo moja.

"Nikitangulia mimi, utanisomea talakini wewe. Pale kaburini mtu huitwa kwa jina. Utaniita lipi?"

"Lako," nikasema. "La babako na mamako."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akashusha pumzi ndefu, akanywa kahawa yake iliyokwisha kupoa, akaniaga. Alipotoka niliona amesahau kofia yake mkekani. Niliichukua nikatoka nayo barazani. Alikuwa amekwisha kuvuka kiwanja, anaikokota baiskeli kwa sababu ya goti, hajafika mbali. Ningeweza kuita Kipa. Lakini nilikuwa nimetoka kuapa, nikaona ulimi wangu uanze kujizoeza. Nikamwita kwa jina lake la kweli.

Hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti niliyokuwa nikiadhinia ujanani. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walinitazama. Yeye akaendelea kwenda, kichwa chini, kama kwamba nilikuwa nikimwita mtu mwingine.

Nilisimama na kofia mkononi. Kisha, Mungu anisamehe, nilitaka kujua. Nikalitamka lile jingine, jina la yule niliyempokea kaburini, na sikulipazia sauti.

Baiskeli ikasimama papo hapo. Akageuka.

"Labeka, Maalim," akasema.